Kazi na Mshahara Katika Usimamizi wa Haki za Maji: Yanayomhusu Kijana wa Salama

Ifuatayo ni hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa vijana, wazazi na viongozi wa vikundi vya maji waliokutana mjini Salama. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Ni muvea muno kwa kuacha mashamba, maduka na bodaboda zenu mkaja kutusikiliza.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kazi. Si kazi yoyote tu, bali kazi za kusimamia maji: nani anaruhusiwa kuyachukua, kiasi gani, kwa muda gani, na yule anayezihesabu hizo lita analipwa nini. Kila mara nafasi za idara ya maji zinapotangazwa, maswali hutufikia kwa wingi, na mengi yanafanana. Je, nafasi hizo ni za kweli? Mtoto wangu asomee nini ili azipate? Na mshahara ni ngapi? Leo nitajibu yote matatu. Hilo la tatu nitalipa muda wa kutosha, kwa sababu ndilo watu huliuliza kwa sauti ya chini.

Maji ni ya nani?

Hapa Ukambani hatuhitaji mgeni atueleze thamani ya maji. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazozitegemea zaidi, na zikikataa, mto unabaki mchanga mtupu na punda wanaongezewa safari. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatujaelezwa vizuri, nalo ni hili: maji hayana mwenyewe binafsi.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba kila rasilimali ya maji, yaani mto, chemchemi, ziwa na hata maji yaliyo chini ya ardhi, imewekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa ili iishikilie kwa niaba ya Wakenya. Kwa hivyo unaweza kuwa na hatimiliki ya shamba lenye chemchemi, lakini hatimiliki hiyo haikufanyi kuwa mwenye maji. Unachoweza kupewa ni haki ya kuyatumia. Haki hiyo inaandikwa kwenye karatasi inayoitwa kibali, na kibali kina kiasi na kina muda.

Mama anayekwenda mtoni na mtungi wake kuchota maji ya nyumbani bila mtambo wowote hahitaji kibali. Sheria inamlinda, na inasema wazi kwamba matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote. Kibali kinahitajika pale mtu anapoweka pampu, anapojenga bwawa mtoni, anapochepusha mto au anapochimba kisima kirefu.

Mamlaka inayotoa vibali hivyo ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi mnaifahamu kama WRA. Hiyo ni ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ina jukumu la huduma za maji na usafi: mabomba, matangi, vioski na kampuni za maji. Ukitaka kazi, elewa tofauti hiyo kwanza. Wanaogawa haki ya maji wana mwajiri mmoja, na wanaoyafikisha maji nyumbani wana mwajiri mwingine. Barua ya maombi ikipelekwa mlango usio wake, itakaa huko.

Tukifuate kisima kimoja

Tuseme kikundi cha akina mama hapa Salama kimeweka akiba na kinataka kuchimba kisima kirefu ili kiuze maji. Tukifuate kisima hicho tangu mwanzo, na kila tunapokutana na mtu anayelipwa, tumtaje.

Wa kwanza ni mtaalamu wa maji ya ardhini. Anakuja na vifaa vyake, anapima miamba, anaandika ripoti kuonyesha ni wapi pachimbwe, kwa kina gani na kwa nini. Huyu amesomea jiolojia chuo kikuu, amesajiliwa na bodi ya wanajiolojia, na ana leseni ya Wizara ya Maji. Asiye na leseni, ripoti yake haipokelewi. Yule anayezunguka na kijiti au na kokoto mkononi akidai anasikia maji, mlipeni soda, msimlipe ada ya uchunguzi.

Wa pili ni mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA. Anaeleza kisima kitaathiri vipi majirani na mazingira.

Wa tatu ni afisa wa WRA anayepokea maombi. Nchi imegawanywa katika maeneo sita ya mabonde: Ziwa Victoria Kaskazini, Ziwa Victoria Kusini, Bonde la Ufa, Athi, Tana na Ewaso Ng'iro Kaskazini. Sisi tuko Athi, na ofisi kuu ya bonde letu iko Machakos, pamoja na ofisi ndogo Kibwezi. Ndugu zetu wengi wa Kitui wako chini ya Tana. Afisa huyu anaangalia visima vilivyo karibu na maji yaliyopo, kisha anayapanga maombi katika kundi lake, A hadi D, kulingana na ukubwa wa athari. Maombi ya kibali hushirikisha umma. Mkazi anayeona ataumia ana haki ya kupinga kwa maandishi. Wengi hawajui haki hiyo, na tangazo linabandikwa likipigwa na jua mpaka linapauka bila mtu kulisoma.

Kikundi kikikubaliwa, hupewa idhini ya kuchimba. Idhini hiyo bado si kibali cha kutumia maji. Hapo ndipo anapoingia wa nne, mkandarasi mwenye leseni, na timu yake: fundi mchimbaji, dereva wa lori la mashine, mchomeleaji na vibarua. Wakimaliza, kisima hupigwa pampu kwa saa nyingi mfululizo ili kujua kinatoa maji kiasi gani bila kukauka. Anayesoma vipimo hivyo usiku kucha ni fundi, naye analipwa.

Wa tano ni fundi wa maabara. Katika eneo letu maji ya chini mara nyingi yana chumvi, na mengine yana floridi nyingi ambayo huharibu meno na mifupa ya watoto. Maji ambayo hayajapimwa hayafai kuuzwa kwa jirani.

Baada ya hapo ripoti inarudi WRA, na kibali chenyewe kinatolewa kikiwa na kiasi kinachoruhusiwa. Mita inafungwa. Wa sita ni mkaguzi anayekuja kuisoma na kuhakikisha kwamba kinachochukuliwa ndicho kilichoandikwa. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mita isiposomwa kwa uaminifu, jirani wa chini ndiye anayepungukiwa, hata kama hajui.

Na mzozo ukitokea? Kuna jopo la kitaifa lililoundwa na Sheria ya Maji kuamua mizozo hiyo, na rufaa yake huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapo wanahitajika mawakili wanaoijua sheria ya maji pamoja na mashahidi wanaojua vipimo.

Hesabuni wenyewe. Kisima kimoja cha akina mama kimepita mikononi mwa mwanajiolojia, mtaalamu wa mazingira, afisa wa vibali, mchimbaji, fundi wa maabara, mkaguzi, na pengine wakili. Ni fani saba. Katika hizo saba, ni ngapi zinazofanywa na watoto wa Salama?

Upande wa mabomba

Maji yakishapatikana, kuna kazi za kuyasambaza. Hapa Makueni tuna kampuni za maji kama ile ya Wote na ile ya Kibwezi na Makindu. Kitui wana KITWASCO na ile ya Kiambere na Mwingi. Kampuni hizi zinasimamiwa na WASREB, bodi ya taifa inayodhibiti huduma za maji na kuidhinisha bei.

Ndani ya kampuni kuna wasoma mita, mafundi wa bomba, wahudumu wa pampu, wahasibu, maafisa wa wateja, na wahandisi waliosajiliwa na bodi ya wahandisi. Kuna pia kazi ambayo haipigiwi kelele lakini inazidi kuhitajika: kutafuta maji yanayopotea. Bomba linavuja chini ya barabara, mtu amejiunganishia usiku, mita imekufa. Kampuni hulipa gharama ya maji hayo lakini hailipwi. Kijana anayejua kutumia ramani za kompyuta, anayeweza kulifuata bomba kutoka tangi hadi kioski na kusema maji yanapotelea wapi, huyo ana bidhaa ya kuuza.

WRUA si mshahara

Sasa nizungumze wazi kuhusu vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo sote tunaviita WRUA. Vinatambuliwa na Sheria ya Maji, na kazi yake ni kuwaleta pamoja watu wa mto mmoja ili waulinde na wasuluhishe mizozo kabla haijafika kwa chifu au polisi. Havikuanzishwa kwa starehe. Kule kando ya Mlima Kenya, kwenye mito inayoelekea Ewaso Ng'iro, wakulima wa juu na wafugaji wa chini waligombana vibaya wakati wa ukame kabla ya kukubaliana kukaa meza moja na kugawana zamu.

Kuna vijana wanaojiunga na WRUA wakidhani wameajiriwa. Hawajaajiriwa. Viongozi wa WRUA hujitolea. Fedha za chama zinatokana na ada za wanachama na za miradi, hasa inayofadhiliwa kupitia Hazina ya Sekta ya Maji. Mradi ukija, kuna siku za kibarua: kuchimba makinga maji, kupanda miti kandoni mwa mto, kuzungushia chemchemi ua. Mradi ukiisha, na malipo yameisha. Pia WRA huwa na wasomaji wa vipimo vya mto, watu wanaoishi karibu na mto ambao husoma kina cha maji kila siku na kukiandika. Wanapata posho ndogo. Ni kazi ya heshima na takwimu zao ndizo zinazotumika kugawa vibali, lakini hakuna atakayejenga nyumba kwa posho hiyo.

Mbona basi nawahimiza mjiunge? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, hapo ndipo mnapojifunza kusoma kibali, kuandika kumbukumbu za mkutano na kuzungumza na maafisa. Mhitimu aliyekuwa katibu wa WRUA akiulizwa swali kwenye usaili, anajibu kwa mambo aliyoyaona. Ya pili, maji ya mto wenu yatagawanywa, mkiwepo au msiwepo.

Mshahara: tuseme ukweli

Tumefika penyewe. Katika utumishi wa umma, mshahara haupangwi na bosi wa idara. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ndiyo inayoshauri kuhusu mishahara ya watumishi wa umma. Kwa kawaida mwenye diploma huanzia daraja la H na mwenye shahada daraja la K. Mashirika kama WRA na kampuni za maji yana madaraja yao yenyewe. Kwa hivyo ukiona tangazo, usiulize kwanza "wanalipa ngapi?" Uliza mambo matatu: ni daraja gani, ni ajira ya kudumu au ya mkataba, na marupurupu gani yameongezwa juu ya mshahara wa msingi, kama vile ya nyumba na usafiri. Mtu mwenye mshahara mdogo wa msingi lakini wa kudumu wenye pensheni anaweza kuwa mbele ya mwenye mkataba mnono wa mwaka mmoja.

Kisha kuna makato, ambayo vijana wengi hushtuka nayo mwezi wa kwanza. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si mshahara wa mtu fulani. Tuseme malipo yako yote ni Sh40,000 kwa mwezi. Kwa kanuni za mwaka 2025, NSSF itachukua asilimia 6, yaani Sh2,400. Bima ya afya ya SHIF itachukua asilimia 2.75, yaani Sh1,100. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh600. Hizo tatu ni Sh4,100. Kodi inahesabiwa kwenye Sh35,900 zinazobaki, na baada ya kuondoa nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa, kodi inakuwa takriban Sh3,150. Utakachopokea mkononi ni karibu Sh32,750. Hapo hujalipa mkopo wa HELB, na HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo, uwe umepata kazi au hujapata.

Mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto asome na aijue hesabu hii mapema. Si kwamba kazi hizi hazifai. Zinafaa. Lakini anayeingia akidhani atanunua gari mwaka wa kwanza ndiye mwepesi wa kushawishika mtu anapomwambia, "Hiyo mita andika nusu, tutaelewana."

Walio nje ya ajira ya serikali hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Mwanajiolojia wa kujitegemea hulipwa kwa ripoti, mchimbaji kwa mita alizochimba, fundi wa bomba kwa siku au kwa nyumba. Wakati wa kiangazi simu zinaingia mfululizo, na mvua ikinyesha vizuri zinanyamaza. Anayefanya kazi hii lazima ajifunze kuweka akiba ya msimu, kama mkulima anavyoweka mbegu.

Na wale wenye vikundi, kumbukeni kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kuchimba mitaro ya mabomba, kujenga vioski, kusambaza vifaa, hizo zote ni zabuni. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kuomba.

Mchanga au maji

Wapo vijana hapa ambao wananisikiliza huku wakifikiri: kwa nini nisome miaka mitatu nije nipokee Sh32,000, na leo jioni lori likija mtoni nitapata pesa taslimu? Ni swali la haki na nitalijibu kwa heshima.

Pesa ya mchanga ni ya siku hiyo hiyo, sikatai. Lakini mchanga ule ndio tangi letu. Katika bwawa la mchanga, robo ya ujazo ule au hata zaidi inaweza kuwa maji yaliyojificha kati ya chembe, salama kutokana na jua. Kule Kitui, shirika la SASOL pamoja na jamii wamejenga mabwawa ya mchanga zaidi ya 500 tangu miaka ya 1990, kwa sababu mchanga ukikaa, maji nayo hukaa. Lori likibeba mchanga, limebeba pamoja nao maji ya Septemba. Kisima cha mtoni kinashuka, mama anachimba kwa kina zaidi, na yule kijana aliyelipwa jioni anatumia sehemu ya malipo hayo kununua mtungi wa maji ambao mwaka jana nyumbani kwao waliuchota bure.

Ndiyo sababu Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kudhibiti matumizi ya mchanga mwaka 2015. Watu wamepoteza maisha katika ugomvi wa mchanga kwenye kaunti hii, na hakuna anayetaka turudi huko. Uchimbaji uliodhibitiwa unaruhusiwa na una utaratibu wake. Ninachosema kwa kijana ni hiki: kazi ya lori inakulipa mpaka mto uishe. Kazi ya kuulinda mto inalipa polepole, lakini mto unabaki.

Mlango uko wapi?

Sasa wazazi, chukueni kalamu.

Aliyepata C+ na zaidi katika KCSE anaweza kuomba shahada kupitia KUCCPS. Si lazima aende mbali. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kiko Kitui, na kinafundisha haidrolojia na usimamizi wa rasilimali za maji. Anayetaka maji ya chini asome jiolojia. Anayetaka mabwawa na mabomba makubwa asome uhandisi. Anayependa sheria asome sheria, kisha aijue Sheria ya Maji kama anavyoijua ile ya ardhi.

Aliyepata C- anaweza kuingia diploma, na aliyepata D anaweza kuanza na cheti kisha apande. Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, ambayo makao yake yako Nairobi, ina kampasi Kitui. Ni taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kwa ajili ya kuwafunza watu wa sekta hii: uhandisi wa maji, maabara, uchimbaji wa visima na mengineyo.

Na ambaye alama hazikumkubali, au hakumaliza shule? Asikate tamaa. Vyuo vyetu vya ufundi vya kaunti vinafundisha ufundi wa bomba, umeme na uchomeleaji. Fundi ambaye amejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akaanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Cheti hicho ndicho kinachotofautisha fundi anayeitwa na kampuni na yule anayeitwa na jirani pekee.

Wasichana, naomba mnisikilize. Anayetembea kilomita nyingi kutafuta maji katika nyumba zetu ni mama na binti. Lakini ukiingia kwenye ukumbi ambako vibali vinajadiliwa, wengi walioketi ni wanaume. Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Nafasi hiyo haijazwi na mtu ambaye hakutuma maombi.

Neno moja la tahadhari. Nafasi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Nafasi za WRA na za kampuni za maji hutangazwa na taasisi hizo zenyewe. Hakuna ada ya kutuma maombi. Hakuna ada ya usaili. Hakuna "chai ya mheshimiwa". Anayekuomba pesa kwa simu akidai ana orodha, jina lako haliko kwenye orodha yoyote ila ya watu anaowalaghai. Hifadhi ujumbe wake na upige ripoti polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Kwa nini sasa

Nimalizie na sababu ya kuwaambia haya leo na si mwaka ujao. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, limepangwa kushika mita za ujazo milioni 688. Maji hayo yamekusudiwa nyumba, mashamba ya umwagiliaji, umeme, na mji wa Konza, ambao ni jirani yetu hapa Salama.

Maji mengi hayamalizi ugomvi wa maji. Yanaugeuza tu. Badala ya kugombania mtungi kisimani, watu watagombania kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi: mji upate ngapi, shamba kubwa ngapi, kijiji kilicho chini ya bwawa ngapi, na mto wenyewe uachiwe ngapi ili usife. Jirani zetu wa Tanzania wamekuwa na mabodi ya maji ya mabonde kwa miaka mingi. Lile la Pangani lilianza mwaka 1991. Wao pia wamejifunza kwamba mfereji wa babu, shamba la kampuni na mtambo wa umeme haviwezi kugawana mto mmoja bila watu waliofunzwa kupima na kuandika.

Watu hao watatoka mahali fulani. Ikiwa hawatatoka hapa, watatoka kwingine, watafanya kazi yao kwa haki au bila haki, na sisi tutabaki kulalamika kwa lugha ambayo fomu haiielewi. Ninyi mnajua mto gani hukauka mwezi gani. Mnajua chemchemi ipi ilifukiwa na nani. Kwa maarifa hayo mko mbele ya mgeni yeyote mwenye shahada. Kilichobaki ni kuyaongezea cheti.

Fomu za vyuo vya ufundi zinapatikana katika ofisi ya wodi. Msimamizi wa wodi pia ataandika majina ya wanaotaka kujiunga na WRUA ya eneo lao, na ninawasihi msiondoke kabla ya kupita kwenye meza yake. Mwenye barua ya maombi aliyoiandika na anataka iangaliwe, aniletee hapa mbele. Nitakaa mpaka barua ya mwisho.